Gome la Mzee Kyule

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Jumanne moja ya Machi 1995, mwarobaini wa Mzee Kyule ulikutwa umemenywa kama muwa, gome lote la shina limebanduliwa.

Sajini Asenath, jirani yake hapo mtaani Mbotela, aliiacha chai mezani. Subira hakuzaliwa nayo. Mzee alikuwa mchonga vinyago hadi kiharusi kilipomlaza mkono wa kulia na kumfunga mdomo, miezi minne iliyopita. Tangu hapo alikunywa maji ya gome hilo kila siku, na majirani waliapa kwamba mti ukifa, naye ataenda.

Lawama zote zilimwangukia Shitanda, mganga wa mitishamba aliyemchemshia. Wiki iliyotangulia Mwongeli, binti wa Mzee, alikuwa amemfukuza mlangoni. Sajini alimwita na kumbana vikali.

"Afande, mimi huchukua upande wa mawio na wa machweo tu," Shitanda alisema. "Mti ukibanduliwa kote unakufa. Na mgonjwa wangu atakunywa nini?"

Kweli, makovu ya zamani yalikuwa pande hizo mbili pekee. Sajini alilizunguka shina mara tatu, akijikasirikia. Magome mabichi yalikuwa chini, hakuna hata kipande kilichobebwa. Tangu lini mwizi wa dawa akaacha dawa? Na mkato ulikuwa safi, wa patasi. Patasi za Mzee zilifungiwa sandukuni, na ufunguo aliuvaa Mwongeli shingoni.

Alimkuta kizingitini, kando ya kiti cha baba yake.

"Hukutaka gome. Ulitaka mti ufe."

Mwongeli hakukana. Aliingia ndani, akarudi na vidonge vya presha vya mwezi mzima, alivyovikuta chini ya godoro la Mzee. Mtafiti mmoja alikuwa amewaambia kwamba huenda mimea kama hii ikalinda ubongo baada ya kiharusi, ila imejaribiwa kwa panya tu, kwa hiyo vidonge visiachwe.

"Baba alishika ile nusu ya kwanza ya maneno yake," alisema, machozi yakimtoka. "Daktari anasema kiharusi kikirudi, sina baba. Nimembembeleza mpaka nimechoka."

Sajini alifunga daftari. Pale mtini Shitanda alikuwa ameanza kurudishia magome kwa udongo na matambara kabla hayajakauka, na mikono miwili haikumtosha.

Mzee alimtazama Shitanda. Akanyoosha mkono wa kushoto, akachukua kidonge kimoja kiganjani mwa binti yake, akakimeza. Kisha akamwonyesha mti. Mdomo wake ulihangaika kwa muda mrefu.

"Shika," alisema.

Mwongeli akaenda, akalishika gome mpaka Shitanda alipomaliza kufunga.