Ugonjwa wa Shangazi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kisauti alimpelekea baba yake chai karakanani. Baba alikuwa seremala, naye binti alipachikwa jina hilo kwa sababu hata akinong'ona, jirani wa tatu humsikia.

Siku moja randa ilikuwa kimya. Baba alikuwa ameketi juu ya mbao, akihangaika kuvaa kiatu kisichoingia. Miguu ilikuwa imevimba, na alipoubonyeza mmoja, kidole kiliacha shimo.

"Baba! Una nini?"

"Uchovu tu, mwanangu. Usimwambie mtu."

Kisauti alinyamaza siku mbili. Ya tatu, uso wa baba ulipovimba hata macho yakafumbika nusu, uvumilivu ulimwishia. Alikimbia kwa shangazi yake, dada wa baba, akamweleza yote.

Shangazi alikuwa akiugua lupasi, ugonjwa unaofanya kinga ya mwili iushambulie mwili wenyewe. Wake ulianza na maumivu ya viungo na mabaka mashavuni. Alimvuta kaka yake hadi hospitali, Kisauti akiwafuata.

Daktari alisoma majibu ya vipimo, kisha akauliza, "Mzee, mkojo wako una povu?"

Baba aliinamisha kichwa. "Mwezi wa pili sasa."

Kisauti alimkodolea macho. Miezi miwili, na wao wakicheka naye mezani!

"Ni lupasi," daktari alisema. "Imeshika figo."



"Haiwezekani!" baba alifoka. "Huo ni ugonjwa wa wanawake!"

"Hana hata baka moja," shangazi alisema, akijishika mashavu.

"Wagonjwa wengi ni wanawake, kweli," daktari alijibu. "Ila wanaume pia huupata, na kwao mara nyingi hushambulia figo. Upele unaweza usionekane kabisa, basi hakuna anayeushuku. Mngekawia zaidi, figo zingekufa."

Baba alimgeukia binti yake, akamshika mkono.

Alilazwa wiki tatu. Dawa zilifanya kazi, uvimbe ukashuka, na baada ya miezi michache alirudi kazini, ingawa dawa haachi.

"Nilivunja siri yako, baba," Kisauti alisema siku moja, shangazi alipowatembelea. "Nisamehe."

Shangazi ndiye aliyejibu. "Siri inayoua mtu haitunzwi, mwanangu. Na wewe kaka, ugonjwa hauulizi nani kavaa gauni, nani kavaa suruali. Mwili ukilalamika, usione haya. Sema!"