Saini ya Marehemu

Jamani, niwasimulie habari za nyumba ya fundi kufuli, maana wengi wenu mlizisikia nusu, na nusu hiyo ilitoka kwa wenye kelele.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nyumba imetulia. Barazani fundi alikuwa ameinamia jiliwa lililobana ufunguo, anasugua meno yake kwa tupa, taratibu kama mtu anayemchana mtoto nywele. Ndani, binti yake alikuwa amepanga karatasi juu ya meza ya cherehani: cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, barua ya kukubaliwa chuo cha uuguzi ng'ambo, barua ya ufadhili, na pasipoti mpya iliyokuwa bado inanukia gundi. Meza ile ilikuwa ya mama yake. Alikufa mwaka jana, mwezi wa nane, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuiondoa.

Tangu utotoni binti huyu aliitwa Sindano, kwa wembamba wake na kwa kazi ya mama yake. Alipopata chuo mtaa mzima ulimtania: Sindano anakwenda kusomea sindano. Hata baba yake, ambaye tangu msiba alikuwa amesahau kucheka, alicheka siku hiyo.

Ilibaki viza tu. Sindano alikuwa akiisoma ile orodha ya nyaraka kwa mara ya nne, aliposikia sauti ya shangazi yake mlangoni.

"Hodi humu! Mmejifungia kama mna dhahabu?"

"Karibu, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Sikuja peke yangu leo. Nimekuletea mkombozi."

Nyuma yake aliingia mwanamume aliyevaa koti la suti na kukumbatia mkoba mweusi. Mtaani walimwita Mihuri. Mkoba wake ulikuwa na mihuri ya kila aina, ya shule, ya kampuni, ya zahanati, na ilisemekana hata mihuri ya ofisi zilizokwisha kufungwa. Ndiye aliyekuwa akimwandalia nyaraka mtoto wa shangazi, kijana mwenye maneno mengi aliyeitwa Profesa kabla hajaona hata lango la chuo.

Mihuri alizipekua karatasi za Sindano kwa kidole kimoja. Akaguna.

"Ulimaliza shule lini?"

"Miaka mitatu iliyopita."

"Na tangu hapo?"

"Miaka miwili nilimuuguza mama. Tangu afariki nipo na baba, huku natafuta chuo."

"Hapo ndipo utakapokwama, binti yangu. Afisa akiona pengo, anauliza ulikuwa wapi. Ukisema ulikuwa unauguza, anaona mtu mwenye shida, na mtu mwenye shida akifika kule harudi. Wanataka kujua una nini cha kukurudisha. Mtu mwenye mama hai, mwenye duka lake, ana sababu ya kurudi. Wewe una nini? Una kaburi."

Barazani baba aliacha kusugua, akaja. Shangazi akatazama dari.

"Sasa tufanyeje?" akauliza baba kutoka mlangoni.

"Niachieni mimi. Nipeni wiki moja na nyaraka zote. Zenyewe, sio nakala."

Hapa nisimame kidogo niwaulize, ninyi mnaosoma: ni nani kati yetu hajawahi kusema "niachieni mimi" ni neno zuri? Baba alikuwa mtu aliyechoka. Alikuwa amesimama kwenye foleni za hospitali, za mochwari, za cheti cha kifo. Mtu aliyechoka hivyo akiambiwa kuna mwingine atakayesimama badala yake, anashukuru bila kuuliza. Alizikabidhi karatasi.

Wiki ilipokwisha Sindano alikwenda ofisini kwa Mihuri, chumba chembamba juu ya duka la vioo. Feni ilizunguka bila kuleta upepo. Mihuri alimsukumia fomu iliyokwisha kujazwa.

"Saini hapo chini. Kesho naipeleka."

Sindano alisoma kwanza. Mama yake alimfundisha kutoanza kukata kitambaa kabla ya kupima. Alifika kwenye sehemu ya wazazi, akarudia mstari kwa kidole. Mama: yu hai. Kazi: mfanyabiashara, duka la vitambaa. Nyuma ya fomu palibanwa barua ikisema kwamba Sindano alikuwa mwajiriwa wa duka hilo kwa miaka yote tangu amalize shule, na kwamba nafasi yake inamngoja. Chini kulikuwa na jina kamili la mama yake, namba yake ya kitambulisho, mhuri wa buluu, na saini ya mwezi wa pili mwaka huu.

"Hii namba umeitoa wapi?"

"Shangazi yako ana moyo. Alinipa nakala ya kitambulisho cha wifi yake."

"Mama alikufa mwezi wa nane."

"Kwa jirani zenu amekufa. Kwenye fomu kila mtu anaweza kuishi." Mihuri alicheka. "Usinitazame hivyo, binti. Karatasi haina uchungu."

Sindano alisimama. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, na hakuipandisha.

"Mama yangu hata kijiko alikuwa hawezi kushika miezi ile ya mwisho. Mimi ndiye niliyemfumba macho. Sasa wewe umempa kalamu? Lete pasipoti yangu."

"Keti tuongee."

"Lete pasipoti na vyeti vyangu. Nitasimama hapa mlangoni na kila mteja anayekuja nitamwambia mama yangu ana saini mpya. Nina siku nzima. Sina kazi, si umesema mwenyewe nina pengo?"

Ngazini kulikuwa na watu wawili wanapanda. Mihuri aliwasikia. Akafungua droo.

Nyumbani shangazi alikuwa amefika kabla yake, maana simu ina mbio kuliko miguu.

"Kaka, mtoto wako amemtukana mtu wa watu! Atabaki hapa azeeke anachonga funguo. Mwenzake Profesa amesaini bila maneno, wiki ijayo anaitwa ubalozini!"

Baba alikuwa na uso wa mtu aliyebanwa pande mbili. "Mwanangu," alisema, "ni karatasi tu. Ukishafika kule, nani atakumbuka?"

"Baba, juzi alikuja yule bwana aliyesema amefungiwa nje. Kwa nini hukumfungulia mlango papo hapo?"

"Unajua utaratibu wangu. Nilimuuliza kwanza ndani kuna nini."

"Akashindwa kusema pazia ni rangi gani, ukamfukuza. Ungemfungulia ungelipwa. Hukutaka. Sasa mimi unanifungulia mlango kwa jina la mama?"

Mtaa mzima ulijua utaratibu ule. Fundi hakugusa kufuli ya mtu asiyeweza kueleza kilicho nyuma yake, na kwa ajili hiyo alipoteza wateja lakini akalala usingizi wa amani. Alitazama mikono yake myeusi ya grisi. Kisha akamgeukia dada yake.

"Mwambie Mihuri hatumhitaji."

"Na mkinyimwa?"

"Tutanyimwa kwa majina yetu."

Walianza upya. Sindano alijaza fomu nyingine kwa mkono wake. Mama: amefariki. Kazi: alikuwa fundi cherehani. Kwenye swali la miaka iliyopita aliandika: nilikuwa namuuguza mama yangu. Lakini ushahidi? Kwa siku mbili walipekua masanduku bila kupata kitu. Siku ya tatu baba alifungua droo ya meza ya cherehani, ambayo hakuwa ameigusa tangu msiba, akitafuta cheti cha kifo, akatoa kadi ya kliniki ya mama, ile ya kurasa nyingi iliyochakaa pembe. Kila mstari ulikuwa na tarehe, mhuri wa wodi, na mwisho kisehemu cha aliyemsindikiza mgonjwa. Mistari sitini na mitatu. Kila mstari, saini ya Sindano.

Baba alipitisha kidole juu ya saini zile mpaka ya mwisho. "Na wao waseme hii si kazi," alisema.

Siku ya mahojiano Sindano alisimama mbele ya dirisha la kioo, akaacha alama za vidole, akapitisha karatasi zake kwenye upenyo. Afisa alisoma cheti cha kifo, akabonyeza namba ya kitambulisho kwenye kompyuta, akakunja uso.

"Mama yako alikuwa na duka la vitambaa?"

"Hapana. Alikuwa na cherehani moja."

"Nina barua yake hapa, imeletwa na mwombaji mwingine, kijana. Barua inasema mama yako amemwajiri. Imesainiwa mwezi wa pili mwaka huu."

Ndipo Sindano alipoelewa. Profesa naye aliajiriwa na marehemu. Mihuri alikuwa amewatolea watu duka moja kama sare ya shule. Na yule kijana ni mtoto wa shangazi yake, walikua pamoja wakigombania mto mmoja wa kulalia. Akinyamaza, labda barua itapita. Akisema, ndugu yake ameanguka.

"Unamfahamu aliyesaini?" afisa aliuliza tena.

"Namfahamu. Mwezi wa pili alikuwa amelala kaburini kwa miezi sita. Hiyo si saini yake. Ukitaka kuona mikono ya mama yangu ilikuwa na nguvu kiasi gani, soma hiyo kadi, kuna maelezo ya daktari."

Afisa aliifunua kadi. Aliisoma kwa muda mrefu.

"Na wewe, una nini cha kukurudisha nyumbani?"

"Niliambiwa nina kaburi tu," Sindano alisema. "Basi na hilo liandike. Mama alifia kwenye wodi ya vitanda ishirini na vinne yenye muuguzi mmoja. Nakwenda kusomea kazi ile. Nikirudi watakuwa wawili."

Profesa alifungiwa miaka kumi asiombe viza tena. Mihuri alihama ofisi bila kuaga, na pasipoti za watu saba hazijaonekana hadi leo. Shangazi alikuja akapiga kelele uani, majirani wote mkatoka mkasikia: "Umemuuza ndugu yako!" Na baba, mtu mpole yule, aliweka tupa chini.

"Dada, wewe ndiye uliyetoa kitambulisho cha marehemu kikauzwa. Mwanangu alimrudisha tu pale alipolala."

Shangazi alikaa chini palepale kwenye vumbi, akalia, na Sindano akamletea maji.

Bahasha ilikuja baada ya wiki tano. Yule fundi aliyefungua kila mlango wa mtaa alishindwa kufungua gundi ya bahasha. Binti aliichana mwenyewe. Viza ilikuwa ndani. Kadi ya kliniki pia ilikuwa imerudishwa, na baba akaomba aachiwe. Ipo mpaka leo katika droo ya meza ya cherehani.

Mafunzo

Wazazi na vijana wenzangu, kuna watu wanaotembea mitaani mwetu na mikoba ya mihuri. Usimwachie mtu nyaraka zako na usisaini usichosoma. Uongo ulio kwenye fomu ya mmoja humfikia na ndugu yake dirishani. Profesa alikuwa na akili. Sasa anauza vocha na kuhesabu miaka.

Lakini zaidi ya hayo nasema hivi. Tumefundishwa kuona aibu kwa miaka tuliyowauguza wetu, tukaiita pengo, tukatafuta wa kuiziba. Mimi niliyeitwa Sindano sioni aibu. Atakayeniuliza nilikuwa wapi miaka ile, nitamjibu: nilikuwa kando ya kitanda, na kila siku niliyokuwa pale nilisaini kwa jina langu.