Sauti za Mama kwenye Seva ya Kukodi

Kila asubuhi Jacob alimkatia ng'ombe majani, akamkamua, kisha akapika mtori wa ndizi na nyama. Alipika sufuria nzima, kana kwamba nyumba bado ina watu. Haikuwa na watu. Alikuwemo Jacob tu. Mama yake alilala mgombani, kaburi limezungushiwa mimea ya masale. Mtori ulipoa jikoni, naye akaula jioni bila hamu.

Jacob alikuwa kitinda mimba. Kwao Uru, Kilimanjaro, mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Wenzake walitawanyika. Theodory alikuwa Mwanza, Violet alikuwa Dodoma, na Kornelia Dar es Salaam. Desemba walirudi wote, nyumba ikajaa nyama na kelele. Januari wakaondoka, na Jacob akabaki anaongea na ng'ombe. Ng'ombe ni msikilizaji mzuri, ila hajibu.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza tovuti za waongoza watalii wa mlimani. Tovuti hizo aliziweka kwenye seva. Seva ni kompyuta isiyozimwa, ambayo watu huifikia kwa mtandao popote walipo. Yake ilikuwa nchi za mbali, aliikodi kwa bei nafuu. Ilitumia Linux, mfumo wa bure unaoendesha kompyuta. Ndani ya seva aliendesha makontena. Kontena ni kama sufuria yenye mfuniko wake. Kila programu inakaa kwenye kontena lake, pamoja na vyote inavyohitaji. Mtori ukiungua, maharage ya sufuria ya pili hayadhuriki.

Kontena moja halikuwa la biashara. Jacob aliliita Nyumbani. Lilionyesha tovuti yenye sauti za mama.

Katika mwaka wake wa mwisho, mama alipenda kukaa barazani na kuongea na watoto walio mbali. Jacob alimrekodi kwa simu, kisha akamtumia kila mmoja ya kwake kwa WhatsApp. Mama alipofariki, Jacob alizisafisha sauti zote. Alikata kikohozi, mlio wa kuku na maneno ya pembeni. Akaziweka kwenye seva. Simu ile ilipoharibika hakujali.

Jumapili, baada ya misa, alitazama seva. Ilimwonyesha kwamba mtu wa Mwanza amesikiliza. Mtu wa Dar naye amesikiliza. Hawakumpigia simu, lakini alijua wapo. Kwa Jacob, huko ndiko kulikuwa kutembelewa.

Siku moja ya mvua za masika, Nyumbani haikufunguka. Kampuni ilikuwa imemwandikia barua pepe: diski ya seva yake imeharibika, haitengenezeki, na nakala ni jukumu la mteja.

Jacob hakushtuka. Kila Ijumaa seva ilijitengenezea nakala yenyewe. Alikuwa ameipangia mwenyewe. Akakaa kuzitafuta nakala hizo, na ndipo alipoliona kosa lake. Nakala zote zilikuwa kwenye seva ileile. Diski ileile. Folda jirani tu.

Ndivyo alivyolelewa. Cha nyumbani hakitoki nyumbani, mama alisema. Hati za shamba, picha za ubatizo na jembe la babu vilikaa chumba kimoja, na kitinda mimba alivilinda. Jacob akalinda sauti kwa mtindo huohuo. Sasa alikaa mbele ya kompyuta akalia, na hapakuwa na mtu wa kumwambia nyamaza.

Mvua ilipopungua alishuka kwa jirani yake, Zita. Dada huyo alisimamia kompyuta za ofisi moja mjini Moshi. Siku hiyo alikuwa nyumbani, anamenya ndizi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Jacob, macho hayo yana nini?"

Jacob akamweleza. Zita akaweka kisu chini.

"Pole sana, mdogo wangu. Makontena yenyewe usiyalilie. Kontena likifa halina matanga. Ukiwa na faili la maelekezo yake, unalijenga upya muda huohuo. Cha kulilia ni data, yaani zile sauti. Nakala uliziweka wapi?"

"Palepale. Cha nyumbani hakitoki nyumbani."

"Nani kasema? Ng'ombe wa mama yako wote walikaa zizini kwenu?"

Jacob akafikiri. "Hapana. Mmoja alikuwa kwa shangazi, kule chini Kahe."

"Na ugonjwa ulipoingia huku juu?"

"Wa huku walikufa. Yule wa Kahe alizaa, shangazi akaturudishia mtamba. Huyu ninayemkamua ni kizazi chake."

"Sasa! Mama yako alijua kuweka nakala kabla yako. Nakala inayokaa na mwenyewe inakufa na mwenyewe." Zita akamtazama. "Ndugu zako wanazo zile za WhatsApp?"

"Sijawauliza. Nitawaambiaje, dada? Mimi ndiye niliyeachiwa nyumba."

"Waambie hivyohivyo. Piga hapa hapa, niko nawe."

Jacob akampigia Theodory.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Kuna nini? Wewe si wa kupiga simu."

"Nimepoteza sauti za mama."

Theodory akakohoa. "Yangu ninayo. Nitaifutaje, aisee? Nakutumia sasa hivi."

Violet alikuwa nazo mbili. Kornelia alilia kwanza. "Jacob, ulikuwa unalia peke yako huko? Siku zote hizi namsikiliza mama kwenye tovuti, sikujua kama unatusubiri." Kisha akatuma.

Hazikurudi zote. Nyingine zilipotea moja kwa moja, na majuto ni mjukuu. Lakini kila mtoto alikuwa ameitunza ile inayomwita yeye kwa jina.

Jumamosi Zita alipanda kwa Jacob, akamwongoza. Jacob alikodi seva mpya, akayajenga makontena upya. Folda ya data aliiweka nje ya kontena, ili kontena likifutwa data isiguswe. Kisha akapanga kwamba kila Ijumaa seva isimamishe kontena kidogo, ifungashe data pamoja na faili la maelekezo, iweke nywila, halafu ipeleke nakala kwa kampuni nyingine, nchi nyingine. Nakala ya tatu aliiweka kwenye flashi.

"Hii nampelekea shangazi Kahe," alisema.

"Safi. Kila mwezi umpelekee mpya, upate na sababu ya kumsalimu. Ila bado hatujamaliza. Nakala ambayo hujawahi kuirudisha ni matumaini tu. Tuijaribu."

Jacob akachukua kompyuta yake ya zamani. Akaichomeka flashi, akaandika nywila, akairudisha data, akaliwasha kontena. Tovuti ya Nyumbani ikafunguka. Akabonyeza sauti ya Kornelia.

"Kornelia, mwanangu, umekula?" mama aliuliza. Aliongea juu ya kahawa iliyochanua, juu ya goti lake. Kuku akalia. Mama akakohoa. Kisha sauti ikageuka, ikawa karibu zaidi.

"Basi. Jacob, zima hicho kidude uje ule. Mtori unapoa."

Jacob akabonyeza ya Theodory, akasubiri mwisho wake. "Jacob, zima, baba. Njoo ule." Akabonyeza ya Violet. Mwishoni jina lake lilikuwemo tena.

"Hayo maneno yalikuwepo kwenye tovuti ya kwanza?" Zita aliuliza polepole.

"Hapana. Niliyakata mimi nilipozisafisha. Niliona hayana maana."

Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta. Alikuwa amejihesabu kuwa mtoto asiyeitwa, kumbe aliitwa kila siku.

Safari hii hakukata kitu. Akainuka, akapakua mtori mabakuli mawili, akampa Zita moja. Wakaula ungali moto.