Siku Bibi Alipofungiwa Chooni

Kila asubuhi Chiriku alifagia uani, kisha akajaza maji kwenye kopo la chooni. Choo chao kilikuwa cha shimo, nyuma ya nyumba, chenye mlango wa mbao. Kwa nje kulikuwa na kibao cha kuzungusha kwenye msumari, ili kuku wasiingie.

Jumapili moja baada ya kula, Mjomba, fundi mwashi, alianza visa vya zamani.

"Mama yako huyu unayemwona mpole, alinifungia chooni mpaka wenzangu wakamaliza chakula!"

"Na wewe je?" Mama akadakia. "Nani alikuwa akirusha mawe juu ya bati, Baba akiwa ndani? Marehemu alitoka mbio, suruali mkononi!"

Bibi alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Jamani, mlikuwa watundu nyinyi!"

Chiriku akatamani naye awe na kisa chake cha kuchekesha.

Kesho yake Mama alikuwa barazani akishona nguo za wateja. Bibi alipoingia chooni, Chiriku akanyata na kuzungusha kibao.

Bibi akasukuma mlango. "Nani huyo? Hebu nifungulie."

Chiriku akajiziba mdomo, lakini kicheko kikamponyoka. Papo hapo Mama akaita, "Chiriku! Mpelekee mteja gauni lake, upesi!"

Alidhani atarudi sasa hivi. Kumbe mteja alilivaa gauni, akajigeuzageuza mbele ya kioo, akalivua, akalivaa tena. Chiriku aliporudi, jua lilikuwa la utosini. Cherehani ilikuwa bado inanguruma, na chooni kulikuwa kimya. Akarudisha kibao taratibu, akakimbilia jikoni.

Mama ndiye aliyemkuta Bibi ameketi sakafuni, jasho linamtiririka, sauti imemkauka.

"Mtu alinifungia," Bibi alisema. "Nilimsikia akicheka."

"Mama, mbona mlango uko wazi? Ungesukuma tu."

"Nilisukuma, mwanangu! Nimepiga kelele mpaka nimechoka."

Jioni, Mama alipomsimulia Mjomba, wote wawili walishusha sauti. "Uzee huo," Mjomba alisema. "Akili imeanza kumchoka." Wakaamua Bibi akaishi kwa Mama Mkubwa, mbali sana, ambako choo kiko ndani na watu wa kumwangalia wapo.

Bibi hakubisha. Hilo ndilo lililomuumiza Chiriku zaidi. Bibi aliyezoea kubishana hata na redio, sasa aliuliza kila kitu. "Leo Jumatano, sivyo? Mboga nimeshatia chumvi?" Chiriku akijibu, Bibi alishusha pumzi kama mtu aliyefaulu mtihani.

Siku moja kabla ya safari, Chiriku alimkuta akikunja nguo zake.

"Mjukuu wangu," Bibi alisema bila kumtazama, "siku nikikuona nisikujue, usinikasirikie. Eh?"

Chiriku akapiga magoti, akaangua kilio. "Bibi, huumwi! Ni mimi niliyekufungia. Nilitaka tucheke."

Bibi aliketi kitandani. Akajifunika uso kwa kanga, mabega yakamtikisika. Mama na Mjomba wakaja mbio na kusimama mlangoni.

"Umekaa nalo siku zote hizi?" Mama aliuliza. "Kwa nini, Chiriku?"

"Niliogopa kuchapwa."

Mjomba aliinamisha kichwa. "Mama, tusamehe. Ulituambia, tukakuona umechanganyikiwa."

Safari ikavunjwa. Mjomba aling'oa kile kibao, akatia komeo kwa ndani. Lakini Bibi hakulitumia. Tangu siku hiyo aliuacha mlango wazi kidogo, na Chiriku alisimama nje, amegeuza mgongo.

"Upo?" Bibi aliita kutoka ndani.

"Nipo, Bibi."

"Usiondoke."

"Siondoki."

Bibi alipotoka, alinawa mikono, akamshika bega. "Chiriku, kunifungia ningekusamehe siku ileile. Watundu nimewalea. Lakini uliponyamaza, nilianza kujiogopa mwenyewe. Usiku nilikuwa nahesabu majina ya wanangu, nikihofia kuna atakayenipotea. Ukikosea, mwanangu, sema mapema. Fimbo ingeuma mara moja tu. Ukimya wako uliniuma kila siku."

Chiriku akamshika Bibi mkono, wakarudi ndani polepole.