Mfuniko Ulisema Umefungwa

Nilibonyeza start kwa kidole changu mwenyewe. Hapo hapo nikasikia mume wangu akilia kutoka ndani ya mikisa...

Jamani, sauti ya mtu unayelala naye huwezi kuikosea.

Nikapiga stop. Mapanga ya kuchanganyia yakasimama. Mume wangu Maloba hakunyamaza.

Mimi naitwa Sandra, mtoto wa Kiyeyi, nimeolewa Lunyo. Ni fundi wa umeme kwenye kiwanda cha chakula cha kuku hapa Tororo, Uganda, na Maloba ndiye anasafisha mikisa, lile pipa kubwa la chuma la kuchanganyia chakula. Mchana huo nilikuwa nimefunga moduli mpya kwenye PLC, ule ubongo wa mashine. Moduli za input ndizo masikio yake, za output ndizo mikono.

Nilizipanga kwenye kompyuta, nikazipima zote. Mfuniko wa mikisa ukiwa wazi, mashine inakataa kuwaka. Safi. Nikaenda kunywa chai.

Niliporudi, kompyuta ilionyesha mfuniko umefungwa. Ndipo nikabonyeza.

Nikapanda ngazi mbio. Mfuniko ulikuwa wazi! Maloba amelala ndani, mguu umebanwa kati ya panga na ukuta wa chuma.

"Mama Nasirumbi, nitoe..." akaniita kwa jina la mtoto wetu.

Nikarudi kwenye kompyuta. Kwenye input ya mfuniko kulikuwa na alama ya force.

Ndugu msomaji, force ni kuidanganya PLC. Unailazimisha iamini mfuniko umefungwa hata kama uko wazi. Fundi anaiweka akipima, kisha anaitoa. Mimi sikuwa nimeiweka.

Na fundi mwingine ni mmoja tu, Phillip. Mimi nilipewa ukuu wa mafundi, yeye akakosa.

Alipotokea nikamzaba kofi mbele ya bosi wetu, Mama Alupo, na wafanyakazi wote.

"Ulitaka kuniharibia mimi, ukamweka mume wangu kwenye mashine!"

Akashika shavu. "Sandra, tumtoe kwanza."

Mapanga yale hayazunguki kwa mkono. Njia ni moja tu, kuyarudisha nyuma kwa mota, kidogo kidogo. Lakini kama mtu amechezea input, output ameziacha? Mapanga yakienda mbele badala ya nyuma, Maloba amekwisha.

Nikakata umeme wa mota, nikaijaribu output ya kurudi nyuma bila mota kuzunguka. Taa yake ikawaka. Nikaijaribu tena. Bado moyo ulikataa kuamini.

"Nani anaingia kumvuta?" Mama Alupo akauliza.

Watu wakaangalia viatu vyao.

Phillip akavua koti, akaingia. Akamshika Maloba kwapani.

"Nikikosea mnakwisha wawili," nikamwambia.

"Najua. Rudisha umeme."

Mungu wangu, niliomba kwa Dhopadhola, kwa Kiswahili, kwa kila lugha ninayoijua. Nikabonyeza.

Panga likarudi nyuma. Phillip akavuta. Maloba akatoka hai, mguu umevunjika.

Hospitali wakamfunga plasta. Nikakaa kitandani kwake, machozi hayakatiki.

"Phillip atalala selo leo," nikamwambia. "Mama Alupo ameita polisi."

Akageukia ukutani.

"Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Ile force. Nimekuona ukiweka mara nyingi, na kompyuta uliiacha wazi. Nilitaka nikikwangua, mashine iendelee kuzunguka, nimalize mapema. Si leo ni matanga ya baba yako? Mkwe nitafikaje kwenu na giza? Halafu kabla sijaiwasha, kikwanguo kikaangukia ndani, nikaingia kukiokota. Sikujua umerudi kwa kompyuta."

Banange, jamani... Kwa hiyo haraka yote ilikuwa ya kunitunzia heshima kwetu.

Nikataka kumkumbatia. Akanishika mkono.

"Usiseme. Phillip umeshamtaja mbele ya watu. Mwache abebe. Yeye hana mtoto."

Nilimwangalia huyo mwanaume. Phillip alimshika kwapani humo humo ndani ya mikisa, shavu bado linawaka kofi langu.

Nikauchomoa mkono wangu mkononi mwake.

Nikachukua boda mpaka kiwandani. Phillip alikuwa getini na polisi, wafanyakazi wamemzunguka, mmoja anamwita muuaji.

"Mwacheni," nikasema. "Force aliweka mume wangu. Ameniambia mwenyewe. Na kompyuta niliiacha wazi mimi."

Polisi akamwachia Phillip mkono.

"Sandra, unajua mume wako atafukuzwa?" Mama Alupo akauliza.

"Najua, mama."

"Na wewe ukuu wa mafundi umekwisha."

"Hilo pia najua."

Nikapiga magoti mbele ya Phillip, hapo hapo kwenye vumbi. Nikamwomba msamaha. Akaniinua, akaniuliza kitu kimoja tu.

"Mguu wake unaendeleaje?"

Leo Phillip ndiye mkuu wangu. Maloba yuko nyumbani na magongo yake, tunaongea habari za uji na dawa, basi. Wakwe zangu wa Lunyo wananiita mwanamke aliyemuuza mume wake.

Waniite. Ninyi mnaofanya kazi na mashine, swichi ya mfuniko iliwekwa kwa ajili ya mtu aliye ndani, msiidanganye hata kwa haraka ya mapenzi. Na ukimsingizia mtu mbele za watu, nenda umsafishe mbele za watu hao hao, hata kama atakayebaki mchafu ni yule unayelala naye kitanda kimoja.