Mafuta ya Ndege Kwenye Pikapu

Kila siku ya gulio, kabla ya kwenda shule, Saumu alimsaidia baba yake, Mzee Mbaraka, kupakia viroba vya karoti za wakulima kwenye pikapu, pale kijijini Malindi, milimani. Pikapu ilikuwa kuukuu na mlimani ilipanda kwa kusuasua. "Gari lenu linapitwa na kobe!" wenzake darasani walimtania. Maneno hayo yalimkera Saumu kuliko alivyotaka kuonyesha.

Ndipo mwanafunzi mmoja alipodai kwamba magari ya mashindano hutiwa mafuta ya ndege. Saumu akakumbuka dumu lililokuwa jikoni kwao. Mjomba wake, mfagiaji wa kiwanja cha ndege, aliwaletea mabaki ya mafuta ya ndege ya kuwashia jiko la utambi. Ikiwa ndege huruka nayo, pikapu itashindwaje na mlima? Siku ya gulio ilipofika, baba akiwa anaswali alfajiri, Saumu alimimina dumu lote kwenye tangi.

Gari liliwaka kwa shida, likafuka moshi mweupe, injini ikaanza kugonga. Halikufika hata barabarani, likazima. Fundi Yusufu aliitwa. Alifungua tangi, akanusa, akakunja uso.

"Mzee, humu mna harufu ya mafuta ya taa."

Mzee Mbaraka hakungoja maelezo. Jana yake alikuwa amenunua petroli kwa Mwanamisi, mjane aliyeuza kwa chupa kando ya barabara. Alimwendea moja kwa moja, Saumu akimfuata nyuma.

"Mwanamisi, umenichanganyia mafuta ya taa! Karoti za watu zitaniozea!"

"Wallahi kaka Mbaraka, sijafanya hivyo. Chupa hizi hapa, nusa mwenyewe."

Hakuna aliyenusa. Waendesha bodaboda waliokuwa wakingoja mafuta walitazamana. "Kumbe ndiyo maana pikipiki yangu inakohoa," mmoja alisema, akaondoka. Wengine wakamfuata. Mwanamisi alibaki na chupa zake, machozi yakimlengalenga.

Saumu aliogopa. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Lakini mama huyo alikuwa na watoto, na chupa zile ndizo zilizowalisha.

"Baba, ni mimi," alisema. "Nilitia mafuta ya ndege. Nilitaka gari letu liende mbio."

Fundi Yusufu, aliyekuwa amewafuata, alishusha pumzi. "Mwanangu, mafuta ya ndege si ya aina moja. Ndege ndogo za panga boi hutumia petroli yake maalumu, nayo hutiwa madini ya risasi, ambayo ni sumu mwilini. Hayo ya dumu lenu ni ya ndege kubwa, ndugu wa mafuta ya taa. Injini ya petroli haiyawezi. Tutayamwaga na kusafisha tangi, gari litapona."

Mzee Mbaraka aliinamisha kichwa. "Dada Mwanamisi, nisamehe. Nilikuhukumu kabla ya kuuliza."

"Nisamehe, shangazi," Saumu naye alisema.

Mwanamisi alijifuta macho kwa ncha ya khanga. "Nimewasamehe. Ila sikieni. Injini ikiharibika, fundi yupo. Jina la mtu likiharibika, fundi wake ni yule yule aliyeliharibu. Wale vijana wameondoka na jina langu."

Mzee Mbaraka alimshika binti yake mkono. Karoti zikaachwa zingoje. Baba na mwana wakashika njia, kijiwe hadi kijiwe, kuwatafuta wale vijana.