Saa Kumi za Usingizi

Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kengele ya mwisho ikishalia, wasichana sita tulikimbilia stoo ya zamani nyuma ya madarasa. Humo ndimo tulimonyanyulia vyuma. Palikuwa na benchi moja lililochanika ngozi, chuma kirefu cha kutia visahani pande mbili, kopo la unga wa chaki wa kupaka viganjani, na daftari lililoning'inia mlangoni kwa kamba. Ilikuwa marufuku kugusa chuma kabla ya kulijaza daftari. Kocha wetu, ambaye asubuhi alikuwa mwalimu wa hesabu, alilichorea safu tatu: Usingizi. Chakula. Hali ya mwili.

"Mimi ni mtu wa namba," alizoea kusema. "Nitakuongezea uzito kwa kutazama hapa, si kwa kutazama misuli yako."

Rafiki yangu mkubwa alikuwa msichana tuliyempa jina la Sindano kwa wembamba wake. Mimi waliniita Kigoda, kwa kuwa nilikuwa mfupi na mpana, wala sikuona ubaya. Ubaya niliuona pale Sindano aliponyanyua kilo thelathini huku akicheka, wakati mimi ishirini na tano zilinitoa macho. Mashindano ya shule yalikuwa yanakaribia, na kwa umri wetu palikuwa na nafasi moja tu. Niliitaka nafasi ile kwa kufa na kupona.

Nikaanza mazoezi ya siri. Nilikuwa naamka saa kumi alfajiri, natoka uani na madumu mawili ya maji, nayanyanyua mpaka mikono inatetemeka. Kabla mama hajaamka nilikuwa nimesharudi kitandani na kujifunika. Siku za kupumzika nazo sikupumzika. Nilidhani kupumzika ni kazi ya wavivu.

Tatizo likawa daftari. Kocha alitueleza kwamba watoto wa rika letu wanahitaji kulala saa tisa au kumi, nami nilikuwa nalala saa sita tu. Siku ya kwanza nilisimama na kalamu mkononi, nikafikiri, kisha nikaandika: "Saa kumi." Si nilikuwa nimeamka saa kumi? Sijadanganya, nilijiambia, nimetaja saa tu. Nilijiona mjanja kweli kweli. Leo nikiukumbuka ujanja ule, natamani ardhi ipasuke nijifiche.

Wiki ya tatu uchovu ukanivamia. Nilichoka kupanda ngazi, nilichoka kuchana nywele, na darasani kalamu ilianguka mara mbili kabla sijamaliza sentensi. Kilo ishirini na tano, nilizokuwa naziweza, sasa zilinishinda.

"Kigoda, una nini?" Kocha aliniuliza.

"Sijui, Kocha."

Alilifungua daftari. "Usingizi saa kumi kila siku. Basi shida haiko hapo. Tutafute kwingine."

Akamwandikia mama barua, na mama akanipeleka zahanati. Muuguzi alinitoboa kidole, akapima damu, akaniuliza kuhusu maji ninayokunywa.

"Wanaonyanyua vyuma huchoka kwa sababu nyingi," alisema. "Damu kupungua, chakula kidogo, maji kidogo, mazoezi yasiyo na siku ya kupumzika, usingizi haba. Damu yako ni nzuri. Unalala vya kutosha, mwanangu?"

"Huyu?" mama alidakia kabla sijafungua mdomo. "Analala saa kumi, dada. Mwalimu wake ameandika kwenye barua."

Nikainama, nikaendelea kukibana kidole kilichotobolewa.

Mama alikuwa fundi cherehani, na akishaamua jambo hakuna wa kumrudisha nyuma. Aliamua kwamba ninanyanyua vyuma kwa tumbo tupu. Kuanzia siku ile yai lake la asubuhi lilihamia kwenye sahani yangu, na jioni nusu ya maharage yake ikafuata. "Mimi nimeshiba," alisema, kisha akaenda kuketi kwenye cherehani yake akiwa na chai tupu tumboni. Nami nikala. Mpaka leo hilo linaniuma sana: nililila yai la mama yangu nikijua fika kwamba si dawa yangu.

Ijumaa moja Sindano alilala benchini kunyanyua kilo zake. Anayelala benchini lazima awe na mtu wa kusimama kichwani pake, tayari kukidaka chuma kikimshinda. Siku hiyo mtu huyo nilikuwa mimi.

"Kigoda, upo?"

"Nipo."

Sikuwapo. Macho yalikuwa wazi lakini akili ilikuwa imesinzia. Alinyanyua mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne chuma kikakwama njiani.

"Shika! Kigoda, shika!"

Nilishika, lakini vidole vyangu havikuwa na nguvu hata ya kufinyanga tonge. Chuma kiliinamia upande mmoja, mkono wake wa kulia ukapinda. Sauti aliyoitoa bado naisikia. Kocha aliruka, akakiondoa chuma. Hospitali walisema mfupa wa kifundo cha mkono umepata ufa.

Jumatatu Kocha aliniita ofisini. Alionekana kama mtu ambaye hajala tangu Ijumaa.

"Kosa ni langu," alisema. "Wewe unalala vizuri, unakula vizuri, damu yako ni nzuri. Kwa hiyo mazoezi ninayowapa ndiyo yanayowazidi. Nimemwandikia mwalimu mkuu barua, nimwachie mtu mwingine kazi hii." Akainua bahasha nikaiona. "Sindano hatashindana tena. Ukipumzika kidogo, nafasi ni yako."

Nafasi niliyoililia ilikuwa mbele yangu. Nilichotakiwa ni kunyamaza tu, na kunyamaza nilikuwa nimeshakuzoea. Lakini sikuweza kuacha kuitazama ile bahasha.

"Kocha," nilisema, "saa kumi si za kulala. Ni saa ninayoamka."

Hakunielewa. "Vipi?"

"Saa kumi alfajiri, Kocha. Naamka nafanya mazoezi kwa madumu. Kila siku."

Alilivuta daftari lililokuwa mezani pake, akafunua ukurasa mmoja baada ya mwingine. Saa kumi. Saa kumi. Saa kumi. Kisha aliichana barua yake polepole. Nafasi ile hakuichukua mtu.

Nyumbani nilimweleza mama. Akaisimamisha cherehani.

"Na yai langu ulikuwa unalila hivyo hivyo?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Afadhali angenichapa.

Kocha alinizuia kugusa chuma mwezi mzima. Nililala saa mbili na nusu usiku na kuamka na jua, na wiki ya tatu nikaanza kupanda ngazi bila kushika ukuta. Safu ya usingizi daftarini ikagawanywa mara mbili: Nimelala saa ngapi. Nimeamka saa ngapi.

Siku alipoigawa safu hiyo, Kocha alitukusanya wote sita. "Uchovu usioisha ni mwili unaoomba msaada," alisema. "Mimi nilitafuta sababu, muuguzi akatafuta, mama wa watu akatoa chakula chake. Jibu alikuwa nalo Kigoda peke yake. Ukiuficha ukweli wa mwili wako, unatufunga macho sisi tunaotaka kukusaidia, na mzigo unaweza kumwangukia asiye na kosa." Hakupandisha sauti. Nilimtazama Sindano, nikashindwa kuendelea kumtazama.

Siku ya mashindano tulibaki darasani, yeye na mimi. Mkono wake ulikuwa kwenye plasta, kwa hiyo nilikuwa nikimwandikia masomo yake yote.

"Unaandika kweli, au unaandika kijanja?" aliuliza.

"Kweli."

"Jana umelala saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Za kulala au ya kuamka?"

"Za kulala, Sindano. Naapa."

Alicheka, nami nikacheka. Kisha akautazama mkono wake, na kicheko kikatuishia. Nikainama, nikaendelea kumwandikia.